Barua Inapokuja

Jumatano usiku, Grimsby, ghorofani juu ya maktaba.
Kipasha joto kinagongagonga kama mpangaji mwenye hasira.
Wanafunzi sita. Daiva ananukia limau;
amesugua mikono mara tatu, na bado samaki wa kiwandani
wameketi naye kwenye kiti.

Naandika ubaoni: treni ya Doncaster inaondoka kesho.
"Inaondoka?" anauliza Daiva. "Na leo hatujaimaliza?"
Ndiyo, nasema. Jambo likishaingia kwenye ratiba
Kiingereza hulihesabu limefika,
limevua koti, limeagiza chai.
Daiva anacheka. Hilo analijua:
kesho ninaingia zamu ya alfajiri,
Ijumaa ninaingia, Jumamosi ninaingia,
na hakuna aliyeniuliza kama nitataka.

Somo la pili lina miiba.
Kwenye kishazi cha "pindi" wakati ujao haupiti mlangoni.
Usiseme barua itakapokuja.
Sema barua inapokuja, kisha nitafanya hiki au kile.
Yajayo yakae upande mmoja tu wa sentensi,
mkono mmoja ubebe ndoo,
wa pili ubaki mtupu.

Rebwar akainua kalamu.
Mwezi wa kumi na tisa huu anangoja neno la wizara.
"Mwalimu, haiji."
Nini haiji?
"Barua. Unanifundisha niseme inakuja. Haiji.
Kila asubuhi nashuka ngazi, naangalia zulia la mlangoni:
karatasi ya piza,
karatasi ya mtu anayezibua mabomba.
Nikisema inakuja, nitakuwa mwongo kwa lugha mbili."

Miaka thelathini na mmoja nimeifundisha kanuni hii.
Nikamjibu: ndivyo ilivyo.
Mwalimu akiishiwa hoja, hilo ndilo jibu lake.

Wakati wa mapumziko akanionyesha ukurasa uliokunjwa mara nne.
Aliomba nimkagulie sarufi, si zaidi.
*Msaada wako unakoma tarehe kumi na nne.
Uamuzi utatumwa kwa wakati wake.*
Nikakagua. Hakuna kosa.
Unakoma, kama treni inavyoondoka.
Utatumwa, na haikutajwa na nani.
Nikarudia kusoma, nikitafuta kosa kwa hamu,
japo koma iliyopotea njia.

Wenye ratiba hawana haja ya wakati ujao.
Kesho yao wanaila leo, ingali moto.
Tuliobaki tunapewa kile kineno kidogo cha mbele ya kitenzi,
ambacho kwetu ndicho hichohicho nia,
ndicho hichohicho wosia wa marehemu:
ukikifunua, ndani yake kuna mtu anayetaka kitu
na mtu ambaye hayupo tena kukitoa.

Haya sikuyasema darasani.
Darasani nilisema: malizieni sentensi hii nyumbani.

Nimesahihisha jikoni, kando ya sahani ya chipsi zilizopoa.
Daiva: Barua inapokuja, nitaitupa, ni bili.
Sahihi. Nikaweka alama, nikatabasamu.
Rebwar, kwa mwandiko ulioegemea kulia:
Barua inapokuja, ninalala.

Nusu ya kwanza haina dosari. Kanuni ameikubali.
Nusu ya pili ndiyo yenye deni: nitalala, ilipaswa iwe nitalala.
Wino mwekundu ukasimama juu ya neno.
Au alimaanisha kila ijapo?
Au barua imekwisha kufika huko aliko yeye,
na amelala, na mimi ndiye ninayemgongea?

Nikampa nusu alama.
Nikazima taa, nikapanda ngazi, nikashuka tena.
Nikakaa gizani na daftari,
nisijue lipi la kufuta,
nusu niliyompa au nusu niliyomnyima.

Jumatano ijayo tunakutana saa moja usiku.
Imeandikwa mlangoni, tunakutana.
Tarehe kumi na nne ni Jumanne.